Kanda, memori kadi na daftari la mjomba

Mkuu uliyeuliza kama bado kuna mtu mwenye akili zake anayetunza kanda na CD wakati nyimbo zote zinashushwa kwenye simu, ngoja nikujibu kwa kirefu, maana mimi nimekula hela ya pande zote mbili.

Mwaka 2001 nilikuwa kijana wa kibanda cha kurekodi kanda, Morogoro mjini. Mteja anakuja na orodha yake kwenye karatasi ya daftari, nyimbo kumi na mbili, anaacha kanda tupu ya dakika 60, kesho yake anaifuata. Ukikosea hesabu, wimbo wa mwisho wa upande A unakatika katikati. Kuna wimbo mmoja wa bendi ya Sikinde mpaka leo nikiusikia mzima nashtuka, kwa sababu kanda yangu iliishia kwenye ubeti wa pili na masikio yalishazoea kwamba ndio umeisha. Asiye na hela ya kanda tupu alileta kanda ya mahubiri ya shangazi yake. Vile vipembe viwili vya juu vimeshavunjwa ili isifutwe, sisi tunaziba matundu kwa seloteipu na kurekodi juu yake. Mungu atusamehe.

Miaka kama minane baadaye deki ikashushwa chini ya meza, ikapanda kompyuta. Memori kadi ya GB 2, wimbo wa dakika nne unakula kama MB 4, kwa hiyo kadi inabeba nyimbo mia tano hivi. Orodha zikaisha. Mteja anakupa simu yake, anakwambia, "Jaza tu zozote, mradi zichangamke." Nilikuwa napata hela zaidi kwa kazi ndogo zaidi, lakini yule wa karatasi nilikuwa namjua. Nilijua anapenda bendi ya Msondo na hapendi taarabu, na nilijua kama wamegombana na mkewe.

Kanda zenyewe sizililii. Redio ikila kanda, utepe unatoka kama utumbo wa kuku, unakaa unazungusha kwa kalamu ya Bic, na pale palipokunjika mwimbaji anaimba kama yuko ndani ya pipa la maji. Na hao wanaosema enzi za kanda wasanii walikula vizuri, waulizeni wasanii. Wengi waliuza masta, ile rekodi ya asili, kwa msambazaji kwa hela ya mara moja, basi. Sisi wa vibandani ndio kabisa, hatukuwapa hata thumuni. Wizi ulikuwepo, wa kwenye simu umeongeza kasi tu.

Tena kushusha nyimbo kumenipa vitu ambavyo kibanda chetu kisingeweza kunipa. Bendi zetu nyingi zilirekodi studio za Radio Tanzania, na nyimbo nyingi hazikuwahi kutoka kwenye santuri. Santuri zilizotoka, nyingi zilichapwa Nairobi, na huku kwetu uipate ilikuwa kazi. Mimi mzaliwa wa Morogoro, lakini nyimbo kadhaa za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mtu wa mji wangu aliyefariki mwaka 1965, nimezisikia mara ya kwanza kwenye simu nikiwa nimekaa kituo cha daladala. Nilikaribia kulia.

Ila sasa faili linakuja uchi. Limeandikwa "Track 07", au limeandikwa uongo. Nimeshashusha wimbo wa Cuban Marimba ukaandikwa Morogoro Jazz, bendi mbili zilizokuwa zikishindana mji mmoja! Wimbo mwingine umekatika pale pale gitaa linapotaka kuchemka, kwa sababu kwenye santuri ndogo wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma, na aliyeupandisha mtandaoni hakuhangaika kugeuza. Kwa muziki wa dansi haya si madogo. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwa bendi ya NUTA, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, 1985 akahamia Safari Sound, halafu akarudi Msondo, yaani NUTA ile ile kwa jina jingine. Bila jina la bendi na mwaka hujui unamsikiliza Gurumo wa wapi.

Hayo ya mwaka na bendi mimi nilifundishwa na mjomba wangu. Yeye ana kanda aliyoirekodi kwa kuweka maikrofoni mbele ya spika ya redio ya jirani. Katikati ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, jogoo anawika, na mtu anamwambia mtoto anyamaze. Mtu huyo ni bibi yangu, marehemu. Wimbo huo huo ninao kwenye simu, msafi kabisa, kila gitaa liko mahali pake. Nikitaka kusikia gitaa nasikiliza simu.

Miaka mitatu iliyopita redio kaseti yake ikafa, mafundi wakashindwa kupata mpira wa kuzungushia. Nikamnunulia sabufa yenye sehemu ya flashi, nikampakia nyimbo 212. Nilidhani nimemaliza. Nilipokwenda tena nikamkuta na daftari la shule, la mistari. Anacheza wimbo, anatazama namba kwenye kioo cha sabufa, anaandika: "43. Mbaraka. Solo yeye mwenyewe. Ilipigwa sana mwaka niliooa." Kurasa kumi na moja. Palipoandikwa bendi isiyo yake kwenye orodha niliyomchapia, kakata kwa kalamu nyekundu.

Mwezi wa nne nikamwongezea nyimbo kumi, nikijiona nimefanya jambo. Saa nne usiku simu inaita.

"We mjomba, umenifanyia nini? Naweka 43 anaimba mwanamke!"

Sabufa ilipanga upya, namba zote zikahama, daftari zima likawa halina kazi. Jumamosi ikabidi nipande basi na laptopu. Tulikaa barazani kuanzia asubuhi hadi saa tisa mchana, yeye anasoma daftari, mimi nabadilisha majina ya mafaili, moja baada ya jingine. Akitaja mpiga gitaa naandika mpiga gitaa. Tulipofika 43 nikamuuliza kama na ile ya mwaka aliooa niandike.

"Andika," akasema. "Kwani nafasi imejaa?"