Barua kwa mwanangu kuhusu figo anayoombwa

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama una haki ya kukataa kumpa ami yako figo, na kama ukikataa utakuwa umekata udugu. Haki unayo, na udugu hautakatika kwa hilo. Nayasema haya mimi ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, ambaye kila nikienda Mombasa namkuta amedhoofika zaidi kwa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na ambaye ningempa yangu lau madaktari wasingenikataa kwa sababu ya sukari.

Hapa nyumbani linalotangulizwa ni la dini. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, la wanazuoni wa sheria ya dini, lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu mtu aliye hai kumpa mwenziwe kiungo, lakini kwa masharti: mtoaji awe na akili timamu na atoe kwa hiari yake, asipate madhara ya kumharibia maisha, na kiungo kisiuzwe. Wanaokusomea ile aya ya Suratul Maida, ya kwamba aliyeokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote, wanaisoma sawa, ila aya inamsifu mwenye kuokoa; haikumpa mtu ruhusa ya kudai kilichomo mwilini mwa mwingine.

Shangazi yako alisema mbele ya wazee, huku akimimina kahawa, "Ana figo mbili, moja ya nini?" Ni kweli kwamba mtu huishi na moja, na ile inayobaki hukua na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Lakini kwa hesabu za Marekani za mwaka 1994 hadi 2009, katika kila watoaji 10,000 kiasi cha 3 walifariki ndani ya siku 90 za upasuaji. Tena wewe ni msichana ambaye hujazaa: utafiti mmoja wa Kanada uliona kwamba shinikizo la damu la ujauzito, pamoja na hali inayotangulia kifafa cha mimba, lilitokea katika mimba 11 kati ya kila 100 za wanawake waliokuwa wametoa figo, na 5 kati ya 100 za wale wasiotoa. Wengi wao walijifungua salama, na sikuandikii ili nikutishe. Nataka uyajue kabla ya kujibu, kwa kuwa pale barazani hakuna aliyeyataja.

Lililoniudhi zaidi ni jinsi ulivyochaguliwa. Kaka zako hawajapimwa hata damu, kwa hoja kwamba wana wake na watoto wa kulisha. Wewe hujaolewa, basi mwili wako umehesabiwa kuwa mali ya ukoo. Si kwetu tu, maana katika nchi nyingi wanawake ndio wengi miongoni mwa wanaotoa figo wakiwa hai, na wanaume ndio wengi miongoni mwa wanaopokea. Nimewaambia kaka zako wakapimwe.

Ami yako ametaja kukuandikia kile kiwanja cha Mokowe. Namjua, hana nia mbaya. Anaogopa kuishi na deni asiloweza kulilipa, na sisi tunajua masimango yanavyofanya mtu atamani afadhali asingepewa. Wanazuoni wa Jeddah wenyewe waliliacha wazi suala la zawadi ya shukrani anayoitoa mpokeaji. Mimi naona kiwanja kinachotajwa kabla ya upasuaji ni bei. Nauli, matibabu na mshahara utakaoukosa ni gharama, na hizo ni wajibu wetu kuzilipa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka ridhaa yako kwa maandishi, nawe usitie saini chini ya karatasi ambayo imetanguliwa na hatimiliki.

Ukienda kupimwa, omba uzungumze na daktari peke yako, bila mtu wa nyumbani mlangoni, na awe daktari asiyemtibu ami yako. Ukimwambia hutaki, anaweza kuiambia familia kwamba hufai kutoa, bila kueleza sababu. Uliza pia ni nani atakayenunua dawa ambazo ami yako atazimeza kila siku maadamu figo ile inafanya kazi, kwa sababu zikikatika mwili wake utaikataa, na utakuwa umepasuliwa bure. Swali hilo nimelipeleka kwa wazee na bado sijapata jibu.

Ukiamua kutoa, nitakuja Nairobi nikae nawe mpaka upate nguvu, inshaAllah. Ukiamua kutotoa, jibu nitampelekea ami yako mimi mwenyewe, na shangazi yako akiwa na la kusema, aje aniambie mimi.

Baba yako