Ndizi mzuzu za kukaanga kwa tui

SWALI: Nikikaanga ndizi mbivu, nje zinaungua, ndani bado ngumu, na zinanyonya mafuta. Nakosea wapi? Na sukari niweke lini?

JIBU: Tuanze na ndizi yenyewe. Chagua mzuzu wa ganda la njano lenye madoa meusi. Ukiwa na ubichi haulainiki upesi. Ukiwa mweusi wote, unapondeka na kulewa mafuta. Kata mshazari, unene wa sentimita 1 hivi.

Mafuta yafike nusu ya kipande, moto wa wastani. Chovya ncha ya kijiti cha mshikaki: vipovu vidogo vikitoka mfululizo, tia ndizi, ila usijaze kikaango, mafuta yatapoa na kunyonywa. Dakika 2 hadi 3 kila upande. Sukari usiitie hapa kabisa. Ndizi ina yake ya kutosha, na hiyo ndiyo inayoungua moto ukizidi.

Kwa ndizi 4, bandika tui zito kikombe 1, sukari vijiko 2 vya chakula, iliki 4 zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Koroga mfululizo bila kufunika. Likitokota kwa nguvu litakatika. Likishakuwa zito, mwagia ndizi, ziache dakika 5.