Maswali ya wasomaji: Mbwa, dubu na ugomvi wa wawindaji

SWALI: Shikamoo mzee. Binamu yangu anaishi Lewiston, jimbo la Maine huko Marekani. Kazini ana wenzake wawili wanaowinda dubu. Mmoja anafuga mbwa wa kuwinda, mwenzake hataki hata kuwasikia, anasema anayetumia mbwa si mwindaji. Wamefikia kutosalimiana. Binamu ananiuliza mimi kwa sababu babu yetu aliwinda na mbwa, nami sina la kumjibu. Nani ana haki? — Msomaji, Kakuyuni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza binamu yako ajue kwamba hao wawili hawagombani kama dubu auawe au asiuawe. Wote wana leseni, wote wataingia msituni na bunduki msimu ukifunguliwa. Wanagombania njia ya kumpata, na ugomvi huo ni wa siku nyingi.

Mnyama mwenyewe ni dubu mweusi. Huyo ni hodari wa kupanda miti, na akibanwa huparamia. Mwenye mbwa hutafuta nyayo mbichi, akawafungulia mbwa wake, nao hufuata harufu huku wakibweka. Dubu akishapanda, mlio wa mbwa hubadilika, na anayewajua mbwa wake hulitambua badiliko hilo akiwa mbali. Ndipo huanza kutembea, pengine mabonde na vinamasi, hadi chini ya mti. Mbwa hao wana koo zao. Maarufu zaidi kwa dubu ni Plott, waliotokana na mbwa walioletwa kutoka Ujerumani karne ya 18, wakaendelezwa na familia yenye jina hilo katika milima ya North Carolina. Tangu 1989 ndio mbwa rasmi wa jimbo hilo.

Hoja kubwa ya mwenye mbwa, nami naiona nzito, ni kwamba mbwa wanampa nafasi ya kuangalia. Dubu yuko juu ya tawi, haendi kokote. Mwindaji anazunguka mti: je, ni dume au jike? Ana watoto? Ni mkubwa au bado mchanga? Akiona hafai, anawafunga mbwa kamba na kuondoka nao, dubu ashuke kwa wakati wake. Akiamua kupiga, anapiga karibu, mnyama ametulia, na risasi inafika inapotakiwa. Anayenyatia kwa miguu humwona dubu kwa muda mfupi kati ya vichaka, na katika muda huo hana hakika kama nyuma ya kichaka kuna watoto.

Mwenzake naye ana lake. Anasema mwindaji wa kweli humpa mnyama nafasi ya kuponyoka, na kundi la mbwa likipokea harufu nafasi hiyo inakuwa nyembamba mno. Dubu ana manyoya mazito, na kuelekea majira ya baridi hujaa mafuta. Kumkimbiza kwa muda mrefu siku yenye joto ni kumtesa. Tena mbwa hajui mpaka wa shamba la mtu. Anavuka ua, anatimua kulungu waliokuwa wakisubiriwa na mwindaji mwingine. Na siku hizi mbwa huvishwa mikanda ya shingoni yenye GPS, hivyo mtu anaweza kukaa ndani ya pikapu akitazama kioo, mpaka alama za mbwa zisimame mahali pamoja.

Marehemu baba yangu alikuwa mfuata nyayo wa wageni wenye bunduki upande wa Galana, kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Kwake nilijifunza kwamba kazi ya mwindaji imo katika kutazama, na risasi huja baadaye sana. Alikuwa akimkataza mgeni kupiga hadi yeye mwenyewe aridhike na mnyama aliyemwona, na wapo waliomkasirikia kwa hilo. Kwa kipimo hicho, yule mwenye mbwa wa Maine ana haki kama huangalia. Kama hufika chini ya mti na kupiga chochote kilichoko juu, ameitupa hoja yake mwenyewe, wala sioni anachobakiwa nacho cha kujitetea. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa humfuata bwana wake kwa tabia, ndiyo maana mimi huuliza habari za bwana kwanza.

Umuulize binamu pia swali moja kuhusu yule mpinzani wa mbwa: yeye huwinda vipi? Maine, dubu wengi huuawa kwa chambo. Mtu huweka pipa lililojaa donati na vyakula vitamu msituni, siku baada ya siku, kisha hukaa juu ya dungu kumsubiri dubu aje kula. Kama huyo bwana ni wa pipa, neno lake juu ya nafasi ya kuponyoka limepungua uzito sana. Kama ni mtu wa kunyatia kwa miguu, namvulia kofia, na malalamiko yake yasikilizwe.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda katika jambo hili. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt alikwenda Mississippi kuwinda dubu. Aliyewaongoza alikuwa Holt Collier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, na kwa mbwa na dubu hakuwa na mpinzani pande zile. Mbwa wa Collier walimzingira dubu, dubu akaua mbwa mmoja, Collier akamgonga dubu kichwani kwa bunduki bila kufyatua risasi, kisha akamfunga kamba kwenye mti ili Rais aje apige. Roosevelt alipofika alikataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Magazeti yalichora katuni, na kutoka hapo wakapatikana wale wanasesere wa dubu ambao watoto hulala nao mpaka leo. Wanaokisimulia huishia hapo. Lakini dubu yule hakuachiliwa; Rais aliagiza amalizwe kwa kisu. Nami namfikiria Collier, aliyehatarisha maisha yake na mbwa wake kwa sababu aliambiwa Rais lazima apate dubu, halafu sifa zote zikaenda kwa aliyekataa kupiga. Kwa hiyo unaona, hata mtu aliyeshiriki kuanzisha klabu ya Boone and Crockett mwaka 1887, inayohubiri uwindaji wa haki, alikwenda kuwinda na mbwa. Alikataa kamba, mbwa hakuwakataa.

SWALI: Mzee, nasikia majimbo mengine ya Marekani yamekataza mbwa kabisa. Ni serikali iliyoamua au wawindaji wenyewe? — Msomaji, Lamu, Mkomani

JIBU: Mara nyingi ni wapiga kura. Colorado walipiga kura 1992, karibu asilimia 70 wakakubali kukataza mbwa, chambo, na uwindaji wa dubu wa majira ya kuchipua, wakati majike wana watoto wachanga. Oregon wakafuata 1994, Washington 1996. California ilikataza kwa sheria ya bunge lake, iliyotiwa saini 2012. Maine waliulizwa 2004 na tena 2014, na mara zote mbili wakakataa kubadilisha. Kwa upande mwingine, Montana iliruhusu mbwa kwa dubu weusi mwaka 2021.

Katika kura hizo wawindaji waligawanyika, na hapo ndipo jambo linapouma. Wako waliowachukia mbwa lakini wakapiga kura ya kuwatetea, kwa hofu kwamba leo atanyimwa mwenye mbwa na kesho atanyimwa mwenye upinde. Naielewa hofu hiyo, maana nilikuwa kijana hapa Malindi mwaka 1977, uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya. Hata hivyo siikubali. Wawindaji wakinyamaza kuhusu mwenzao anayewinda vibaya, watu wa mjini wasiojua tofauti watawahukumu wote pamoja.

Usidhani pia kwamba mbwa hawagharimiki. Wisconsin, ambako mbwa wanaruhusiwa, mbwamwitu huwaua mbwa wa dubu kila mwaka, hasa Julai na Agosti wakiwa mazoezini, na jimbo hulipa fidia hadi dola 2,500 kwa mbwa. Wapo wawindaji wanaoona aibu kupokea fedha hizo, wakisema aliyempeleka mbwa kwenye makao ya mbwamwitu alijua anakompeleka. Mimi niko pamoja nao.

SWALI: Assalaam alaykum. Hapa kwetu tunamkwepa mbwa. Je, mnyama aliyekamatwa na mbwa analiwa? Na dubu je? — Mama msomaji, Lamu, Langoni

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Fatwa utaipata kwa sheikh wako. Mimi nitasema yale tunayofundishwa sote. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imeruhusu anachokamata mnyama aliyefundishwa kuwinda, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Hadithi ya Adiy bin Hatim imeongeza masharti: mbwa akimla yule mnyama, usile, kwa kuwa amejikamatia mwenyewe, na ukikuta mbwa mwingine amechanganyika na wako, usile, kwa kuwa jina la Mungu ulilitaja kwa mbwa wako tu. Dubu kwa madhehebu yetu ya Shafi haliwi, ni mnyama wa meno ya kurarua.

Nakuomba uyatazame masharti hayo kwa jicho la mwindaji. Mbwa aende akitumwa, asimame akizuiwa, amkamatie bwana wake. Wale Wamarekani wangekaa chini wakaandika masharti ya mbwa mwema, wangefika karibu na hapo. Baba yangu aliyashika sana. Mbwa wake walilala kwa rafiki yake Jilore, kwa kuwa nyumbani kwetu Shela bibi asingewakubali uani, na aliyekaidi mara akiitwa hakupelekwa porini tena.

SWALI: Nguruwe wanamaliza mahindi yetu. Naweza kuingia msitu wa Sokoke na mbwa wangu wanne? — Msomaji, Dida

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina faini na kifungo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekukataza, kwa sababu ile ile niliyompa kijana wa Kakuyuni. Dubu hupanda mti akakusubiri uangalie. Paa hapandi mti. Mbwa wako wanne wakiingia Sokoke hawatachagua nguruwe. Watamshika wa kwanza kukimbia, na ukifika utakuta amekwisha kufa. Huenda akawa paa nunga, ambaye duniani amebaki katika misitu michache tu: Sokoke, Boni na Dodori kwenu huku pwani, na Unguja. Wewe hukupata nafasi ya kusema huyu mwacheni.

Nguruwe wako ripoti ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na uwaripoti kila wanapoingia, si mara moja. Mbwa wafunge shambani karibu na dungu, wawili upande wa msitu na wawili upande wa njia, ili wabweke mapema usiku nawe ushuke na tochi na debe. Na kama hawajachanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu, wapeleke kwa daktari wa mifugo kabla mahindi hayajaanza kubeba.