Bomba la sensa lenye sabuni: chuoni linafanya kazi, kwenye tangi linavuja

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya umeme, Mwanza. Nimetengeneza bomba la kunawia lisiloguswa: ukiweka mkono linatoa sabuni, kisha maji, vyote kwenye shingo moja. Chuoni, kwenye maji ya mamlaka, halikuwa na shida. Nimelifunga shule ya msingi kwenye tangi la lita 1,000, stendi ya mita moja na nusu, na sasa maji hayakatiki sawasawa. Sabuni inachuruzika, na jua likiwa kali bomba linafunguka lenyewe. Nibadilishe sensa au programu? Halafu kuna zahanati inataka niwafungie kama hilo. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Programu tutaifikia, lakini anza na valvu. Valvu nyingi za solenoidi (zinazofunguliwa na koili ya umeme) za nusu inchi zinazouzwa madukani ni za diaframu, yaani utando wa mpira unaoziba njia ya maji. Koili yake hainyanyui diaframu. Inafungua kitundu kidogo tu, halafu presha ya maji ndiyo inayoinyanyua na ndiyo inayoikalisha tena. Soma kibandiko chake. Mara nyingi utakuta 0.02–0.8 MPa, maana yake inataka presha ya angalau bar 0.2.

Sasa piga hesabu ya tangi lako. Kila mita ya kimo cha maji ni kama bar 0.1. Bomba la watoto huwa kama sentimita 70 kutoka chini, kwa hiyo kutoka kitako cha tangi hadi bomba una sentimita 80 tu. Tangi likijaa, maji ya ndani yanaongeza zaidi kidogo ya mita moja, unafika bar 0.2 kwa shida. Likibaki robo, uko bar 0.1. Chunguza utaona: asubuhi tangi likiwa limejaa linakatika afadhali, alasiri linadondosha. Chuoni presha ya mamlaka ilikuwa inakufichia hilo.

Una njia tatu. Unaweza kuinua stendi, ila ni gharama, na tani moja ya maji juu ya vyuma vilivyochomelewa kwa haraka, shuleni, siipendi. Unaweza kutafuta valvu ya solenoidi iliyoandikwa kuwa inaanzia bar 0. Ipo, lakini njia yake ya maji huwa nyembamba na inakula umeme zaidi. Mimi kwenye tangi ningeweka valvu ya gololi inayozungushwa na mota. Inachukua sekunde chache kufunga, lakini haijali presha, na haili umeme ikishatulia. Kwa kuwa umeme ukikatika inabaki ilivyo, weka kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) au akiba ya betri ya kuifunga, la sivyo betri ikiisha katikati ya kunawa tangi zima linamwagika. Na kabla ya valvu yoyote weka mchujio unaofunguka kusafishwa. Chembe moja ya mchanga kwenye kile kitundu cha diaframu inatosha kuifanya isifunge.

Kwenye sabuni ndipo kazi kubwa ilipo. Kwanza, isikutane na maji ndani ya shingo. Ipe mpira wake na mdomo wake, mbele kidogo ya mdomo wa maji, visichangie chemba. Vikichangia, presha ikishuka sabuni inaweza kuvutwa kurudi kwenye bomba la maji.

Pili, kuchuruzika. Hujasema pampu gani, ila kama ni ile ndogo ya gia, itoe. Weka ya kubana mpira kwa roli. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuirudisha nyuma: ikishatoa dozi, izungushe kinyume kwa sehemu ya sekunde, lile tone la mwisho linavutwa ndani. Mpira wake unachakaa, kwa hiyo uwe wa kubadilishwa bila kufungua kila kitu. Dozi ya mililita moja inatosha. Lita moja ya sabuni inakupa manawo 1,000. Jaribu kwa sabuni ile ile watakayotumia. Shule nyingi zinanunua sabuni ya maji ya mtaani, iliyozitishwa kwa chumvi, na uzito wake haufanani kutoka dumu hadi dumu. Pampu ya povu usiiguse hapo, itaziba.

Tatu, mpangilio, na hapa ndipo programu inabadilika. Ukitoa sabuni kisha maji papo hapo, mtoto anasuuza kabla hajasugua. Anza na maji ya sekunde mbili, toa sabuni, kisha funga maji sekunde 20 za kusugua, taa ndogo ikiwaka, ndipo yaje ya kusuuza. Kwa bomba la lita 6 kwa dakika, hizo sekunde 20 zinaokoa lita 2 kila mtu. Acha mlango wa dharura: mkono ukitulia chini ya mdomo kwa sekunde tatu, maji yatoke tu.

Jua linafungua bomba kwa sababu nalo lina infraredi nyingi, ule mwanga usioonekana ambao sensa inautumia. Mwanga wa sensa uwe wa mapigo, na kipokeaji kisikilize mapigo hayo tu. Kisha kiwekee kofia na ukielekeze chini kwa mshazari, kisitazame sinki linalong'aa. Sensa zinazopima nguvu ya mwanga unaorudi zina tatizo jingine, lililoonekana kwenye video iliyosambaa Agosti 2017: mashine ya sabuni ilitoa kwa mkono mweupe, ikagoma kwa mweusi. Sensa inayopima muda wa mwanga kwenda na kurudi, kama VL53L0X, haitegemei sana rangi. Ijaribu kwa mikono ya watoto wenyewe, mikavu na yenye povu.

Zahanati, kwa sasa hapana. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walikuta bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, kwenye nusu ya sampuli za mabomba ya sensa, dhidi ya asilimia 15 kwa ya kawaida, wakashuku valvu zenye vipengele vingi kuwa ndimo wanamozaliana. Hospitali ikaamua kuyaondoa. Wafungie koki ya kiwiko, na sabuni ya kubonyeza kwa kiwiko hicho hicho.