Marudio au marudiano?

SWALI: Maalim, asalamu alaikum. Tulikuwa barazani tunasikiliza redio, mtangazaji akataja "mechi ya marudiano". Kaka yangu akashika kuwa kakosea, ni "marudio", kwani hata uchaguzi wetu uliitwa hivyo. Tumewekeana kahawa na kashata. Nani kashinda? Na nikifungwa kwenye mchezo wa bao nikataka tena, niombe lipi? Msomaji, Chake Chake.

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Kashata zako, ila mkatie kakako kipande.

Marudio yametoka kwenye kurudia. Ulipofutwa uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 25 Oktoba 2015, hapana kura hata moja ya siku ile iliyohesabiwa tarehe 20 Machi 2016. Watu walipanga foleni upya. Ule ulikuwa uchaguzi wa marudio, na kakako hapo hakukosea.

Marudiano yana -ana ndani yake, kama kupigana na kuoana: lazima wawe wawili, na kila mmoja amrudie mwenzake. Bibi yangu wa Makunduchi akisikia "Simba na Yanga watarudiana" huuliza, "Kwani waliachana lini?" Tukimcheka, kumbe anatusomesha. Mume na mke wakirudiana, ile talaka iliyokwisha kutoka haifutiki, imeshahesabiwa.

Na mpira ni vivyo hivyo. Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, Mufulira Wanderers ya Zambia iliifunga Simba 4-0 Dar es Salaam. Simba walipokwenda Lusaka kwa marudiano walikwenda na deni lao la mabao manne. Wakashinda 5-0, wakapita. (Marehemu baba yangu, Yanga wa damu, alisema redio imeharibika.) Ingekuwa mechi ya marudio, yale manne yangefutwa na bao moja tu lingewatosha.

Sasa, mvua ikikatiza mpira pale uwanja wa Gombani, matokeo yakafutwa na timu zikaamrishwa kuanza sifuri kwa sifuri, hiyo ndiyo mechi ya marudio. Kipande cha kashata cha kakako ni hicho.

Kwenye bao usiombe lolote kati ya hayo mawili. Sisi pale barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, aliyefungwa husema "Panga!" tu, na kete ameshazishika mkononi.