Maswali ya kusoma nje: Mawakala wameshaingia kijijini

Minada ya korosho ikianza, na mawakala wa "vyuo vya nje" nao wanaanza. Ndiyo maana wiki hii barua nyingi ni za wazazi.

Wakala anataka milioni tatu ili mwanangu apate ufadhili wa serikali ya Uturuki. Nimlipe? (Mzazi, Tandahimba)

Usimlipe hata senti. Maombi ya ufadhili huo, unaoitwa Türkiye Bursları, ni bure. Kijana anajaza mwenyewe mtandaoni, na dirisha hufunguliwa kila mwaka kati ya Januari na Februari. Huyo wakala atajaza fomu ileile kwa simu kama aliyonayo mwanao. Mnanishangaza wazee wangu: kwenye chama cha msingi mnagombania makato ya shilingi kumi kwa kilo, halafu mtu msiyemjua kwao mnamhesabia mamilioni bila risiti. Akikwambia "nafasi ipo, imebaki hela ya kuishikilia", kata simu.

Naomba ushauri wa kusoma nje. (Nachingwea)

Nchi gani? Kozi gani? Matokeo yako yakoje? Barua za namna hii sasa nazitupa.

Ni kweli Ujerumani chuo ni bure? (Masasi)

Karo ndiyo, kwa vyuo vingi vya umma. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kula na kulala ni juu yako: kwa viza utaonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu, nawe utaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi.

Nikiazima hela za mjomba zikae benki siku mbili, viza ya Uingereza itatoka? (Newala)

Haitoki. Zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo. Na ukighushi taarifa ya benki unaweza kufungiwa miaka 10.

Nimerudi na shahada, mwajiri anataka utambuzi wa TCU. Kwa nini? (Lindi)

Kwa sababu shahada za nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, si na picha za mahafali. Chuo chako ulipaswa kukiulizia huko kabla ya kukata tiketi. Wa udaktari wana kibarua kingine: Baraza la Madaktari.

Naenda uzamili Uingereza, mume wangu anaweza kunifuata? (Mtwara mjini)

Kama ni uzamili wa darasani, hapana, tangu Januari 2024. Kama ni wa utafiti, anaweza.