Ukitaka Kununua Trela, Lala Chini Kwanza

Siku niliyokwenda kutazama trela yangu ya kwanza, ile ndogo ya kulala safarini inayovutwa na gari, nilivaa kanzu. Ilikuwa Ijumaa, natoka msikitini, na mwenyewe alikuwa ameniambia kuna mtu mwengine anaitaka, nikichelewa nimeikosa. Kufungua mlango nikakuta kitanda kimetandikwa shuka la maua, jiko la gesi la mafiga mawili, pazia, na kijisinki cha kuoshea vikombe. Nikalijaribu godoro. Nikafungua bomba, maji yakatoka. Nikatoa pesa. Kanzu ilirudi nyumbani haina hata doa, na kosa lilikuwa hapo hapo.

Baada ya wiki ami yangu, aliyeendesha lori la Malaba miaka mingi, alikuja kuitazama. Ndani hakuingia kabisa. Aliomba mkeka mkuukuu, akalala chali chini ya trela na kinyundo mkononi, akawa anagonga vyuma vya fremu kimoja baada ya kimoja. Ng'a, ng'a, ng'a. Alipofika nyuma ya magurudumu sauti ikageuka: pwa. Akagonga tena, na mara hii ncha ya kinyundo ikazama. Chuma kilikuwa kimekwisha, kilichobaki ni ganda la kutu lililopakwa rangi nyeusi mpya.

"Umeuziwa rangi, mwanangu," akasema akiwa bado chini.

Basi wewe unayeanza, nakuomba uanzie alipoanzia ami. Fremu nyingi za trela ndogo ni vyuma vya mraba vilivyo wazi ndani. Hewa yetu ya chumvi huingia kwenye matundu ya boliti na ncha zisizozibwa, unyevu ukakaa humo, na kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Kwa macho hutaiona. Nenda na kinyundo, tochi na nguo ya kuchafuka. Gonga hasa karibu na springi, kwenye maungio yaliyochomelewa, na pale mkono wa mbele unapoungana na fremu, kwa sababu uzito wote wa kuvutwa unapita hapo. Ukiona rangi mbichi chini ya trela kuukuu, muulize muuzaji kwa upole kwa nini aliipaka, kisha gonga mara mbili. Fremu iliyochovywa zinki ni ghali zaidi, lakini kwa mtu wa Pwani pesa hiyo inarudi.

Ukimaliza chini, panda juu. Trela haivuji dari tu, huvuja pembeni mwa madirisha na kwenye kila skrubu iliyoshikilia taa. Bonyeza mbao za kuta kwa kidole gumba, hasa pembe za chini; zikibonyea kama mkate uliolowa, maji yameshaingia siku nyingi. Na ukiweza, kaitazame wakati wa masika. Hakuna muuzaji anayeweza kuficha mvua.

Karatasi nisizirefushe: trela hapa Kenya ina namba yake inayoanza na herufi Z na kitabu chake cha umiliki, mbali na vya gari linaloivuta. Muuzaji akikwambia kitabu "kiko njiani," mwachie trela yake mpaka kifike.

Kuna jambo ambalo wanaoagiza kutoka nje hulisahau. Trela za Marekani na nyingi za Ulaya bara zina mlango upande wa kulia, kwa sababu kwao ukingo wa barabara uko kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Ukisimama kando ya barabara kuu ya Nairobi na trela kama hiyo, watoto wanashukia kwenye malori. Zile za Uingereza, Australia na Afrika Kusini milango yao huwa kushoto. Tena umeme wa Marekani ni volti 120 na wetu ni 240. Friji ya kule ukiichomeka hapa bila transfoma, umeizika.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo watu hufa. Kitabu cha gari lako kinasema linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, trela yenye breki na isiyo na breki. Soma namba hiyo, usimsikilize jirani. Kwa magari mengi madogo trela isiyo na breki haitakiwi kuzidi kilo 750, na mengine yanaruhusiwa pungufu ya hapo. Na kilo za trela hazihesabiwi ikiwa tupu. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Weka mitungi sita, gesi, betri, mahema, sufuria za pilau na viti vya plastiki, uone unafika wapi.

Kilo hizo zimekaa wapi ni jambo zito kuliko idadi yake. Pua ya trela, sehemu ya mbele inayolalia tufe la chuma nyuma ya gari, inatakiwa ibebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Trela ya kilo 700 basi ilalie gari kwa kilo 70 hadi 105. Kupima ni rahisi: chukua mizani ya bafuni, iweke juu ya tofali, shusha pua ya trela juu yake ikiwa imelala sawa, usome. Kisha hakikisha gari lenyewe linaruhusu uzito huo kwenye tufe, maana nalo lina kikomo.

Mimi somo hili nililipata baada ya Mariakani. Tulikuwa tunakwenda Voi, na shemeji yangu alikuwa amepanga mitungi ya maji yote sita nyuma kabisa, eti iwe karibu na bomba. Pua ya trela ikawa nyepesi. Basi kubwa likatupita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma trela, na nikaona kwenye kioo cha pembeni ubavu wake unatokea kushoto, ukapotea, ukatokea kulia. Usukani ukawa mwepesi kama si wangu. Mguu wote uliniambia kanyaga breki. Usikanyage. Ukikanyaga breki ya gari, gari linapungua mwendo na trela inaendelea kusukuma, mkunjo unaongezeka. Achia mafuta, shika usukani umenyooka, usijaribu kuifuata inavyoyumba, mwendo ushuke wenyewe. Trela yako ikiwa na breki ya umeme yenye kitufe chake peke yake, ibonye hiyo tu. Tulisimama pembeni, tukahamishia mitungi mbele ya magurudumu, na mpaka Voi haikutikisika tena. Shemeji hakusema neno mpaka tulipofika.

Tufe lenyewe liangalie. Yapo ya milimita 50 na yapo ya inchi 2, na kwa macho ni pacha. Kikombe cha pua ya trela, kile kinacholifunika tufe, kikiwa kimetengenezewa la inchi 2 kikalalia la milimita 50 kitacheza, na siku ya shimo kubwa kitaruka. Saizi imechongwa juu ya tufe; isome. Minyororo ya usalama ipitishe chini ya pua ikiwa imepishana, ili pua ikichomoka idakwe kabla ya kugusa lami. Kisha inua pua kwa jeki ndogo ya mbele. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, kikombe kimeshika. Ikiinuka pua peke yake, ungekuwa umesafiri na dua.

Jambo la beringi, vile vyuma vya mviringo vinavyolifanya gurudumu lizunguke kwenye ekseli, ndilo linalonifanya niandike haya yote, kwa sababu hakuna anayelijali mpaka gurudumu limpite barabarani. Kila mwaka, au kabla ya hapo ukienda sana, zifungue. Inua upande mmoja kwa jeki na uweke kigogo chini ya ekseli, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Sauti kama mchanga kwenye jino ni habari mbaya. Shika juu na chini ulitikise; lisicheze. Toa kifuniko cha katikati, nyoosha pini, fungua nati, vuta habu, kile kitovu cha gurudumu, kwako taratibu ukikinga beringi ya nje kwa kiganja. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Angalia vijiti vyake: vikiwa na vishimo au vimegeuka rangi ya buluu kwa joto, nunua nyingine pamoja na kikombe chake, ile pete ya chuma inamokaa, usibadilishe kimoja ukaacha kimoja. Kisha weka donge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, shika beringi kwa kulia, na uisukume upande wake mpana ndani ya grisi, tena na tena, mpaka uone grisi inachomoza upande wa pili. Kuipaka kwa nje tu ni kuiremba. Ukirudisha, kaza nati huku unazungusha gurudumu, ilegeze kidogo mpaka lizunguke bila kukwama, tia pini mpya. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia maji na grisi, nayo iwe mpya. Ni ya bei ndogo.

Wanaovuta boti pale Mtwapa wana ugonjwa wao. Wanafika habu zikiwa za moto, wanarudi nyuma moja kwa moja mpaka magurudumu yazame kwenye maji ya bahari. Habu ya moto ikipoa ghafla, hewa ndani yake hujikunja na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Ngoja nusu saa, kunywa madafu, ndipo ushushe boti. Na tumia grisi ya boti, ile isiyooshwa na maji, hata kama trela yako haitaona bahari. Hewa ya Mombasa ni bahari tosha.

Njiani nina desturi. Wasafiri wengi husimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, waswali na wapumzike. Mimi nikishuka, kabla ya kutawadha, nagusa habu zote kwa nyuma ya mkono. Ya uvuguvugu ni sawa. Isiyoshikika, hatuendi popote. Hapo hapo nakaza nati za magurudumu ikiwa yalifunguliwa karibuni, kwa sababu hulegea baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza.

Tairi za trela hufa kwa uzee kabla ya kuisha meno. Tafuta namba nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikishapita miaka sita, mimi naitoa hata ikiwa inang'aa. Na ukiagiza trela kwa fundi, mwambie afunge habu zenye matundu sawa na ya gari lako. Prado na Hilux nyingi zina matundu sita. Hapo gurudumu moja la spea litaokoa gari na trela.

Kivuko cha Likoni kina somo lake. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa kupita kawaida, maji yakitoka ngazi ya feri huwa mteremko mkali, na pale gari linapoanza kupanda, pua ya trela hushuka mpaka kigurudumu cha jeki ya mbele kikagonga chuma. Changu kilipinda mbele ya umati mzima wa watu wa asubuhi, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Kivue kigurudumu au kikunje juu kabisa kabla ya foleni. Siku hizi ukielekea Diani unaweza kupita barabara mpya ya Dongo Kundu ukaiepuka feri yenyewe. Ukipanda Kwale kwenda Shimba Hills, kupanda ni rahisi; wakati wa kushuka tia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ili injini ikushikie. Breki zikishapata moto ukaanza kunusa, umechelewa.

Kurudi nyuma kujifunze kwenye kiwanja kitupu, Jumapili mapema, usijifunzie kambini watu wakikutazama. Shika usukani kwa chini, mkono mmoja. Mkono ukienda kushoto, mkia wa trela unakwenda kushoto. Zungusha kidogo, ngoja ijibu, nyoosha. Ikikunjika, usibishane nayo, songa mbele uanze upya.

Taa zikikataa, na zitakataa, anza na waya unaorudisha umeme, ule uliofungwa kwenye fremu. Kutu ikiingia pale, ukiwasha indiketa ya kushoto zinawaka zote kwa hafifu kama kibatari. Mimi nilipitisha waya wake peke yake mpaka kwenye plagi, sikutegemea fremu tena.

Ukirudi safari, hata ukichoka vipi, mwagia maji baridi ya bomba chini yote, springi, minyororo, ndani ya rimu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujaifungua kwenye gari, kwa mpangilio huo. Fungua vidirisha vidogo vya juu ili godoro lisiote ukungu. Trela ikitaka kukaa miezi, iinue kwenye vigogo tairi zipumue na uzifunike jua. Yangu imeinuliwa sasa hivi, na mkeka wa ami uko chini yake.